Baba Haingii kwa Mogire

Kabla Koplo Jethro Mogire hajapigwa risasi na mashifta huko Kaskazini Mashariki, Kansela Thadeus Omwenga alikuwa amemtaja huyo kijana mara moja tu, na siku hiyo alimwita mbwa. Mogire alikuwa amekatiza katikati ya chai yake changa akienda mtoni.

Lakini kijana alipokufa na sare ya serikali mwilini, weee, jamaa zake waliota kama uyoga. Habari ilifika kijijini Ikonge asubuhi, na kabla ya mchana Kansela alikuwa ameshavaa suti nyeusi, anateremka kwa mama ya marehemu na umati nyuma yake. Alilia kwa sauti kubwa mpaka ng'ombe zizini wakaacha kula.

"Mwanangu! Mwanangu mwenyewe! Damu yangu!"

Tryphosa, mama mwenyewe, alikuwa amekaa chini mlangoni bila machozi, kwa sababu yalikuwa yameisha tangu alfajiri. Alimwangalia tu. Ni kweli marehemu mume wake na Omwenga walikuwa wa ukoo mmoja, babu wa babu yao alikuwa mtu mmoja, na kwa sisi Abagusii hiyo inatosha kabisa mtu kuitwa baba. Lakini baba gani hajawahi kumnunulia mtoto hata kalamu?

Mwili haukuletwa. Jeshi lilimzika huko huko mchangani, likaleta sanduku la bati lenye sare, viatu na picha. Tryphosa alilipokea, akalifungua, akanusa shati, akalifunga. Hakuwa na mwana mwingine. Kijana wake pekee alikuwa ameondoka bila kuoa, bila hata mtoto wa kusingiziwa. Ikibaki hivyo, hakuna mtu duniani atakayeitwa wa Mogire. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, zaidi hata ya risasi.

Na dawa yake ilijulikana, si ilikuwa hapo tangu zamani? Mama anamwolea mwanawe aliyekufa. Msichana anakuja na kuwasha moto katika nyumba ya marehemu, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa marehemu, bila mtu kuuliza nani alisaidia kazi. Ng'ombe wa mahari walikuwepo, wale walioletwa Persis, binti wa Tryphosa, alipoolewa. Hata msichana alikuwepo. Nyangate wa kule Manga, ambaye Mogire mwenyewe alikuwa anamzungukia kila likizo.

Tryphosa alimwuliza bila kuzunguka. "Mwanangu, utaweza kukaa na mtu ambaye hayupo?"

Nyangate alifikiria kidogo. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mdomo. "Mama, dada zangu wote wana waume ambao wapo. Nimewaona. Huyu wangu hatakunywa busaa na hatanipiga. Nitakuja."

Pastor wa Sabato alisikia, akaja na Biblia kwapani. "Dada Tryphosa, kanisa halijui harusi ya maiti."

"Pastor, kwani nimekuomba keki?"

Kilichobaki ni mwanamume wa kupeleka ng'ombe. Mama hawezi kwenda kuketi na baba ya msichana na kujadili mahari, hiyo ni kazi ya baba. Kwa hivyo Tryphosa alijifunga leso vizuri, akapanda mpaka kwa Kansela. Si alikuwa amelia mbele ya watu kwamba Mogire ni damu yake?

Kansela alimkaribisha na chai ya maziwa mengi. Akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka polepole kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Mama Mogire, wewe unafikiria kitoto kimoja cha kutoka makamasi. Mimi nafikiria simiti."

"Simiti ya nini, baba?"

"Jengo! Hapa sokoni! Lenye jina la Mogire juu, kila mtu anayepita analisoma. Kitoto kinaweza kushikwa na surua kesho kikafa. Umeona simiti ikishikwa na surua?"

"Lakini simiti haiitwi usiku ikaitika," Tryphosa alisema. "Mimi nataka mtu."

"Jambo moja moja, mama. Tukimaliza jengo, hayo ya mke tutaangalia." Na macho yake yalikuwa yameshapita kichwa cha mama, yanaangalia barabarani, kwa sababu uchaguzi ulikuwa mwaka ule unaokuja na mpinzani wake alikuwa amenunua pikipiki.

Harambee iliitishwa. Tryphosa aliwekwa mbele kabisa kwenye kiti chenye kitambaa, kama bibi harusi mzee. Watu walitoa kidogo kidogo, kuku hapa, kuku pale, mkungu wa ndizi. Kansela aliona mambo yanaenda kwa miguu ya kinyonga, akanyakua kipaza sauti.

"Watu wetu! Mnatoa kuku na mama ya shujaa ameketi hapa? Mama ya shujaa ametoa ng'ombe wake wote!"

Tryphosa alifungua mdomo. Lakini makofi yalishaanza, vigelegele vikapanda, wanawake wa kikundi cha kuimba wakashika wimbo, *Harambee mbele, usirudi nyuma ya mlima*, wakaanza kuteremka nyumbani kwa Tryphosa wakicheza. Alipofika nyumbani mbio, nusu ya leso ikiburuta chini, zizi lilikuwa wazi na ng'ombe wanapanda kilima huku wanaimbiwa. Alibaki ameshika kibuyu cha maziwa. Sasa utamwita nani mwizi, watu mia wanaoimba?

Nyangate alikuja tu. Jumapili moja asubuhi alionekana kwenye njia na furushi kichwani, akaingia jikoni kwa Tryphosa, akaanza kumenya ndizi. Baba yake, Manasseh, alifika kesho yake akitoa moshi puani.

"Mama Mogire, binti yangu amekuja kwa maiti, na mimi sijaona hata mguu wa mbuzi!"

"Umeona ng'ombe wangu wakipita?"

"Niliwaona. Nilipiga makofi hata mimi," Manasseh alisema, na hasira ikamtoka kidogo. "Nilifikiri umetoa kwa moyo."

"Nipe muda, baba yake Nyangate."

"Nakupa. Lakini mjue huyu bado si mke wa mtu. Ni mgeni anayemenya ndizi."

Jengo lilipanda. Kwanza liliitwa hospitali, halafu likawa shule ya useremala, halafu pesa ya madirisha ikapungua likawa ukumbi tu wa mikutano. Lakini upande mmoja kulikuwa na chumba chenye dirisha kubwa la kuangalia barabara, kizuri kuliko vyote, na hicho kilikuwa ofisi ya Kansela. Aliagiza meza kutoka Kisii. Aliagiza kiti cha kuzunguka. Kila jioni alikuja kukijaribu kile kiti kwa macho kupitia dirishani, kwa sababu alikuwa ameapa hataketi mpaka siku ya kufungua.

Siku kibao kilipowekwa, Tryphosa alipita akitoka kupeleka majani ya chai. Akamkuta Mwalimu Joash, ambaye Kansela alimtumia kwa kila kitu chenye herufi.

"Nisomee, mwalimu."

Joash alikohoa. "NYUMBA YA KPL. J. MOGIRE."

"Kpl. ni nini?"

"Ni Koplo, mama. Nafasi haikutosha."

Na kweli haikutosha, kwa sababu chini yake, kwa herufi kubwa mara mbili, kuliandikwa: IMEJENGWA NA MHESHIMIWA KANSELA THADEUS OMWENGA, BABA YAKE.

"Soma tena hapo mwisho."

"Baba yake."

Tryphosa alisimama pale muda mrefu na kikapu mgongoni. Alikuwa anamkumbuka marehemu mume wake. Huyo mzee, mtoto wa ndugu yake alipooa, hakukanyaga tena mlango wa yule kijana hadi anakufa. Mvua ikinyesha, ananyeshewa nje, wanaongea kupitia ukutani. Si ugomvi. Ni ensoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Baba haingii kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na si baba aliyezaa tu, ni wote wa safu ya baba. Katika saiga, kile kibanda cha kijana ambaye hajaoa, baba anaweza kuingia hata akalala humo. Lakini mke akishawasha moto, mlango umefungwa. Hakuna Mgusii wa pande hizi asiyelijua hilo, awe na suti, awe bila.

"Mama, uko sawa?" Joash aliuliza.

"Niko sawa kabisa," Tryphosa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu sanduku la bati lije, alicheka. "Kansela anaandika vizuri."

Siku ya kufungua ilikuwa Jumapili, mwaka wa sitini na tisa. D.O., mkuu wa tarafa, alikuja kutoka Kisii na Landrova, kijana mpole wa Taita, mgeni, ambaye hakujua Ekegusii hata salamu. Joash aliwekwa kando yake kumtafsiria. Ng'ombe wawili wanono wa Tryphosa, ambao Kansela alikuwa amewahifadhi kwake, walikuwa wamechinjwa asubuhi. Nyama ilipangwa kwenye meza ndani ya ukumbi, na harufu yake ilitoka madirishani na kutembea katikati ya watu kama askari wa kukagua.

Kansela alihutubia. Alisema Mogire alikuwa mtoto mtiifu. Alisema alimfundisha mwenyewe kutembea. Alisema, "Nyumba hii si ya serikali, si ya kaunsili, si yangu. Ni nyumba ya Mogire, na mimi ni baba yake!" Watu wakapiga makofi, naye aliposikia makofi akasema tena. Kila makofi yalipopoa, alikuwa baba upya.

"Anasema nini?" D.O. aliuliza.

"Anasema karibu," Joash akajibu.

Halafu Kansela akamwinamia Tryphosa. "Sema asante tu, mama, ukae. Nyama inapoa."

Tryphosa alisimama.

"Asante," alisema. Kansela akaanza kupiga makofi ya kumketisha, lakini mama hakuketi. "Asante, baba yake Mogire. Mwanangu aliondoka hana nyumba, na leo mmemjengea ya mabati. Sasa nyumba haikai bila moto. Nyangate, mwanangu, ingia kwako."

Nyangate alitoka katikati ya wanawake. Kichwani alikuwa na chungu, mkononi kigae chenye makaa mekundu aliyopewa jikoni kwa mama mkwe, kama bibi harusi yeyote. Alifika mlangoni, akakuta utepe wa D.O. bado haujakatwa. Aliinama, akapita chini yake. Watu wakaona mgongo wake ukipotelea ndani. Baada ya muda moshi ukatoka kwenye dirisha kubwa, lile la kuangalia barabara.

"Ofisi yangu!" Kansela alisema.

D.O. alidhani ni sehemu ya sherehe. Akapiga makofi, akakata utepe, akasema kwa Kiswahili kizuri, "Karibuni ndani, wazee!" na akaingia na dereva wake. Wanawake wakaingia. Vijana wakaingia mbio, wanasukumana. Lakini wazee wote wa safu ya Kansela, nusu nzima ya mkutano, wale wenye makoti na fimbo, walibaki wamesimama kwenye majani kama mahindi. Mmoja alimeza mate, sauti yake ikasikika.

D.O. akachungulia mlangoni na mfupa mkononi. "Mwalimu, kwani wazee wa huku hawali nyama?"

"Wanakula sana, bwana."

"Basi?"

"Hii ni nyumba ya mtoto wao. Ameoa. Hawawezi kuingia."

"Si alikufa?"

"Alikufa, bwana. Halafu akaoa."

D.O. aliangalia ule mfupa, akaona aendelee nao tu.

Kansela sasa jasho lilikuwa limelowesha kola. "Watu wetu, msipotoshwe! Huyu msichana si mke! Mogire hakuoa. Hii ni saiga tu, ni saiga kubwa! Na baba anaingia saiga!" Akainua mguu kuelekea mlangoni.

"Ngoja hapo!" Hiyo sauti ilikuwa ya Manasseh. "Binti yangu si mke? Kwa nini si mke, Kansela?"

"Wewe mwenyewe unajua. Ng'ombe hawajafika kwako."

"Ehe. Na mtu wa kuleta ng'ombe ni nani? Si ni baba?"

Mguu wa Kansela ulikuwa bado juu.

"Na baba ni nani?" Manasseh alizunguka, anawauliza watu. "Nimesimama hapa kwa jua, nimeambiwa baba ni nani mpaka masikio yakauma. Hata ukutani mmemwandika. Huyo baba ng'ombe wake wako wapi?"

"Wangu walikuwepo," Tryphosa alisema polepole. "Wengine wako pale juu, ni mabati. Na wale wawili wako ndani, kwa sufuria."

Kicheko kilianza kwa vijana, kikapita kwa wanawake, kikafika kwa wazee, ambao walijaribu kukizuia na makohozi wakashindwa. Mwanamke mmoja wa kikundi akasema, "Hata sisi tuliimba! Tulifikiri tunaimba maendeleo!"

D.O. akatoka tena, sasa amefuta mikono. Joash alimweleza, na safari hii alimweleza yote, kwa sababu nyama ya walimu pia ilikuwa ndani, inapoa. D.O. akamgeukia Kansela kwa adabu.

"Mheshimiwa, nisaidie niandike ripoti yangu vizuri. Huyu koplo ni mtoto wako, au si mtoto wako?"

Tryphosa alimwona Kansela akiangalia kibao, akiangalia watu, akiangalia Landrova ya serikali. Akisema si wangu, kesho pikipiki ya mpinzani itazunguka Ikonge yote ikitangaza. Akisema ni wangu...

"Ni wangu," alisema, kama mtu anayetapika mfupa.

"Vizuri. Basi mlipie mahari, wazee wapate kula."

"Nitalipa! Naahidi mbele ya serikali!"

"Hata barabara ya Manga uliahidi," Manasseh alisema. "Mimi nitaketi hapa mpaka nione kwato."

Kwa Kansela si mbali na soko. Wale wale wanawake wa kikundi, bila kutumwa na mtu, walishika wimbo ule ule, *Harambee mbele, usirudi nyuma ya mlima*, na wakaenda wakicheza. Waliporudi, ng'ombe walikuwa mbele yao, tena walikuwa wamechagua kwa macho ya watu wanaokamua.

"Si huyo!" Kansela alipiga kelele. "Huyo wa kahawia ni gredi, wa kizungu! Huyo ni wa maonyesho!"

"Mogire alikuwa koplo," Tryphosa alisema. "Unataka tumwolee na ndama mwenye kikohozi?"

Manasseh alizunguka ng'ombe, akawashika mapembe, akawafungua vinywa, akatingisha kichwa kuonyesha kwamba hawatoshi, kama baba yeyote mwenye heshima anavyofanya, halafu akasema wanatosha. Akakata fimbo. Wakapanda njia ya Manga, gredi akiwa wa mwisho, akigeuka kumwangalia Kansela.

Basi Kansela akavuta pumzi. Angalau imekwisha. Alirekebisha tai, akaelekea mlangoni akale.

"Eeeeh! Tata!" Wazee wote kwa pamoja, wakimwita baba.

Alisimama. Sasa ndiyo alikumbuka. Kabla ya ng'ombe kwenda angalau angebisha kwamba ni saiga. Sasa mwanawe alikuwa ameoa kabisa, mahari imelipwa na D.O. ameshuhudia, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipa. Nyangate alimletea sahani nje. Aliinama, macho chini, kama mke wa mtoto anavyompa baba mkwe, na Kansela akapokea akiangalia upande mwingine, kama baba mkwe anavyopokea. Alikula chini, kwenye majani, nyama ya ng'ombe wa Tryphosa. Kupitia dirishani aliona moshi ukizunguka kile kiti chake, ambacho hakikuwa na mtu juu yake.

Uchaguzi alishinda, tena bila taabu, kwa sababu watu walisema kansela anayelipia hata wafu mahari ni mtu wa kushika. Lakini ile ofisi hakuwahi kuiingia. Alijaribu kuomba jengo libadilishwe jina, likaitwa Uhuru au Umoja au chochote, ila kila alipotoa hoja, mtu mmoja aliuliza kwa upole kama Mzee amemkana mwanawe, naye alikaa chini. Akaweka meza nje, chini ya mti wa mkaratusi, na mwavuli mkubwa mweusi. Watu walioleta shida zao waliloa pamoja naye. Ndani Nyangate alikuwa anapika chai na mandazi, na kile kiti cha kuzunguka kilikuwa cha wateja.

Mwaka wa sabini na moja Nyangate alizaa msichana. Hakuna aliyeuliza. Pastor alikohoa, lakini hata yeye alikuja kuona. Tryphosa alimpa mtoto jina la mama yake mwenyewe, Bosibori. Bosibori wa Mogire.

Mjukuu hana ensoni na babu, hata iwe ya dawa. Bosibori alipojua kutembea alikuwa anatoka na kuingia ule mlango anavyotaka. Anapanda mapajani kwa Kansela, anamvuta tai, anamwita mume wangu mzee, naye anacheka, hana la kufanya. Kansela akisahau miwani katikati ya karatasi ambazo Joash humwekea ndani ya jengo, ni Bosibori anayetumwa. Akisikia baridi, ni Bosibori anayemletea koti. Mhudumu mwingine kaunsili haikumpa.

Siku moja ya mvua, mgeni mmoja mwenye mkoba alishuka kutoka basi la Kisii, akakimbilia chini ya mabati ya jengo. Alimwona mzee chini ya mwavuli huko kwenye maji, akashangaa.

"Mtoto, ofisi ya Kansela si ndiyo hii?"

"Hapana," Bosibori alisema. "Kansela anakaa kule."

"Na humu ndani ni kwa nani?"

"Kwa baba yangu."

Tryphosa alikuwa anapita barabarani na kikapu cha majani ya chai, amejifunika plastiki. Alisimama. Alikuwa amesikia vizuri sana, lakini alisogea mpaka kwenye ukuta, akainamisha sikio kama bibi kizee aliyeanza kuwa kiziwi.

"Umesema kwa nani?"

"Kwa Mogire, nyanya! Kwa baba yangu Mogire!" mtoto akapiga kelele, mpaka wateja ndani wakageuka na vikombe vyao.

"Bosibori!" Kansela aliita kutoka kwenye mvua. "Niletee ule mwavuli mwingine, huu umetoboka!"

"Mpelekee babu yako," Tryphosa alisema. "Halafu urudi uniambie tena."